Tarehe ya ripoti si karatasi tu: historia fupi ya misamaha ya usalama wa nyuklia

1. Uzi. Mjadala wa nyuklia ukianza hapa mtandaoni, kuna sentensi mbili huwa hazikosi. Mmoja anasema: "Hao watapewa ruhusa wasiripoti usalama, na tutakaoumia ni sisi." Mwingine anamjibu: "Wacha kutisha watu, hiyo ni tarehe ya karatasi tu imesogezwa." Wote wawili wanaongea juu ya kitu kimoja, yaani msamaha ambao mdhibiti humpa mwenye mtambo ili ripoti au ukaguzi fulani wa usalama uje baadaye kuliko sheria inavyosema. Kitu hiki kina historia, na historia yenyewe haimpi ushindi wa bure hata mmoja wao.

2. Najua swali la kwanza. Kenya haina hata kinu kimoja cha kuzalisha stima ya nyuklia, sasa mtu wa Gatwekera ambaye shida yake ni tokeni kuisha usiku inamhusu nini? Inamhusu kwa sababu kanuni huandikwa kabla ya mtambo kujengwa. Kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia iliundwa 2010, ikawa bodi 2012. Mwaka wa 2019 zikaja sheria mbili: moja ikaunda shirika la kuendeleza nyuklia (NuPEA), nyingine ikaunda mdhibiti (KNRA). Mei 2024 wakaaji wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo kujengwa kwao. Mwaka wa 2025 mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mahali panabadilika, kanuni zitabaki.

3. Tuanze na mfano wa karibu. Matatu lazima ipelekwe kwa ukaguzi wa NTSA kila mwaka. Sema ukaguzi ni tarehe 1, na mwenye gari tayari amepanga kuishusha injini tarehe 20. Anaomba: "Niacheni nilete tarehe 20, gari itakuwa imefunguliwa, mtaiona vizuri zaidi." Ombi hilo lina akili. Sasa badilisha kitu kimoja tu: breki zimeanza kupiga kelele, na mwenye gari anajua. Ombi ni lile lile, maneno ni yale yale, siku ni zile zile 19. Lakini si kitu kimoja tena. Uzi wote huu ni juu ya tofauti hiyo.

4. Mifano mingi itatoka Marekani, si ati kwa sababu wao ni wazuri kuliko wengine, ila kwa sababu huko misamaha hii huandikwa na kuchapishwa, kwa hivyo tunaweza kuifuata. Mwanzoni huko tume moja ndiyo ilikuwa inapigia debe nyuklia na wakati huo huo inaisimamia. Refa na kocha walikuwa mtu mmoja. Bunge lao likaivunja kwa sheria ya 1974, na Januari 1975 mdhibiti wa kujitegemea, NRC, akaanza kazi. Kenya ilipotenganisha NuPEA na KNRA mwaka wa 2019 ilikuwa inafuata funzo hilo. Kwenye karatasi tulianza vizuri.

5. Septemba 1977, mtambo wa Davis-Besse, jimbo la Ohio. Vali ya kupunguza presha inafunguka, inakataa kufunga. Mita zinawachanganya wahudumu wa chumba cha udhibiti, lakini baada ya kama dakika 20 wanagundua na kuifunga. Kinu kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu ndogo, kwa hivyo hakuna aliyeumia. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyotengeneza kinu hicho aliandika waraka wa ndani kuonya kwamba tukio kama hilo likitokea kinu kikiwa na nguvu kamili, mambo yatakuwa mabaya. Onyo lake halikufika kwa wahudumu wa vinu vingine vya aina hiyo.

6. Tarehe 28 Machi 1979, kinu cha aina ile ile, Three Mile Island, Pennsylvania. Vali ya aina ile ile ikakwama wazi. Kinu kilikuwa karibu na nguvu kamili. Wahudumu wakasoma mita kimakosa kama wenzao wa Ohio, wakapunguza maji ya kupoza, na sehemu kubwa ya kiini ikayeyuka. Hii ndiyo ajali iliyobadilisha fikra za watu kuhusu ripoti. Habari ya kuizuia ilikuwapo zaidi ya mwaka mmoja kabla, imeandikwa kwa maneno wazi. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwa mtu anayeshika swichi, kwa wakati.

7. Baada ya hapo ripoti za matukio zikawekewa kanuni kali zaidi. Mwaka wa 1980 ikaja pia kanuni nyingine isiyojulikana sana. Kila mtambo una kitabu kikubwa cha usalama: umejengwa vipi, una pampu gani, bomba likipasuka nini kitafanyika. Awali kitabu hicho kiliandikwa wakati wa kuomba leseni, halafu kikakaa kabatini. Mtambo unabadilishwa mwaka hadi mwaka, kitabu kimesimama. Kanuni ya 1980 ikasema kisahihishwe kila mwaka, ili mkaguzi akifungua ukurasa aone mtambo uliopo na si ule wa zamani.

8. Mwaka wa 1992 kanuni ikalegezwa. Badala ya kila mwaka, mwenye mtambo anaweza kuleta marekebisho ndani ya miezi 6 baada ya kusimamisha kinu kuweka fueli mpya, bora miezi 24 isipite kati ya marekebisho mawili. Hapo ndipo misamaha mingi ya ratiba ikaanza. Kuna vituo vyenye vinu viwili au vitatu vinavyotumia kitabu kimoja, na kila kinu husimama kwa wakati wake. Ukifuata kanuni neno kwa neno, utakuwa unasahihisha kitabu kile kile kila baada ya miezi michache. Kwa hivyo wakaomba: tufuate kalenda ya kinu kimoja tu. NRC ikakubali.

9. Niseme wazi: msamaha wa aina hiyo haukuwa njama. Hakuna habari inayofichwa, kikomo cha miezi 24 kinabaki, na matukio ya hatari bado lazima yaripotiwe papo hapo chini ya kanuni nyingine. Tena sheria yao inaweka vizingiti. Msamaha lazima uruhusiwe na sheria, usiongeze hatari isiyofaa kwa umma, usihatarishe ulinzi wa taifa, na kuwe na hali maalum inayoeleweka. Uamuzi huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali pamoja na sababu zake. Anayepiga kelele kila akisikia neno "msamaha" anapaswa kuijua sehemu hii ya stori.

10. Sasa upande wa pili. Mwaka wa 1996 mhandisi George Galatis alitokea kwenye jalada la jarida la Time. Alikuwa amefichua kwamba Millstone, Connecticut, kila wakati wa kubadilisha fueli walikuwa wanahamishia fueli yote kwenye dimbwi la kupozea kwa mpigo mmoja, na haraka kuliko leseni ilivyoruhusu. Kitabu cha usalama kilikuwa kinasema jambo lingine kabisa. Mdhibiti alikuwa na kitabu, na wakaguzi wake walikuwa wanafika kituoni. Mwaka huo vinu vyote vitatu vya Millstone vikawa vimezimwa. Desemba 1997 kampuni ikapigwa faini ya dola milioni 2.1, na kinu cha kwanza hakikuwashwa tena.

11. Funzo la Millstone ni hili: kitabu kikichelewa na hakuna anayekisoma, tarehe haina maana yoyote. Unaweza kuwa na ripoti inayofika kila mwaka bila kukosa, na bado iwe inaelezea mtambo ambao haupo. Wale wanaosema "tarehe ni karatasi tu" hapa wako sahihi nusu. Karatasi peke yake hailindi mtu. Lakini jawabu la karatasi isiyosomwa si kuichelewesha zaidi, jawabu ni isomwe.

12. Kisha tunarudi Davis-Besse. Ndiyo, ile ile ya 1977. Mwaka wa 2001 nyufa zilikuwa zimepatikana kwenye mirija inayopenya kifuniko cha vinu vya aina hiyo kwingineko. NRC ikaandikia mitambo yote, ikataka ile yenye hatari kubwa ikaguliwe kabla ya tarehe 31 Desemba 2001. Kampuni ya Davis-Besse ikasema tayari imepanga kusimamisha kinu mwishoni mwa Machi 2002 kuweka fueli. Kukisimamisha mapema kungewagharimu pesa nyingi. Wakaomba wangojewe. Ni yule mwenye matatu na tarehe 20 yake.

13. Maafisa wa NRC walikuwa wameshaandaa amri ya kuzima kinu. Haikutolewa. Wakapatana katikati: kinu kisimame tarehe 16 Februari 2002. Kilipofunguliwa, Machi, mafundi wakakuta shimo. Asidi ya boroni iliyokuwa inavuja kidogo kidogo kwa miaka ilikuwa imekula chuma cha kifuniko chenye unene wa zaidi ya sentimita 15, mpaka kikabaki kiwambo cha chuma cha pua cha kama sentimita moja. Hicho ndicho kilikuwa kimeshikilia presha yote ya kinu.

14. Kiwambo kilishikilia. Hakuna aliyekufa. Lakini mkaguzi mkuu wa ndani wa NRC alipochunguza, ripoti yake ya Desemba 2002 ilisema uamuzi wa kungoja ulisukumwa kwa sehemu kubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara. Januari 2006 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 28 na kukiri kwamba wafanyakazi wake walimpa mdhibiti taarifa za uongo kuhusu ukaguzi wa nyuma. Yaani breki zilikuwa zinapiga kelele, na aliyeulizwa alisema ziko sawa.

15. Angalia vizuri kilichoharibika hapo. Kusogeza tarehe kwa karibu wiki saba hakukutoboa kifuniko, asidi ilikuwa kazini tangu miaka ya nyuma. Tatizo ni kwamba tarehe ilisogezwa kwa kutegemea neno la yule yule anayefaidika ikisogezwa. Mdhibiti hakwenda kuangalia mwenyewe kabla ya kukubali. Msamaha ulitolewa kwa hesabu ya pesa ukiwa umevaa nguo za hesabu ya usalama.

16. Japani wao walilipa bei kamili. Mwaka wa 2002 iligunduliwa kwamba TEPCO, kampuni kubwa ya stima, ilikuwa imeghushi rekodi za ukaguzi kwa miaka mingi. Wakubwa wakajiuzulu, na kufikia Aprili 2003 vinu vyake vyote 17 vilikuwa vimezimwa kwa muda. Mngedhani hapo wangekaza kamba. Lakini mdhibiti wa nyuklia alikuwa chini ya wizara ile ile inayoendeleza viwanda na nyuklia. Refa bado alikuwa analala kwa nyumba ya kocha.

17. Mwaka wa 2006 mdhibiti huyo aliagiza mitambo yote ipimwe upya dhidi ya mitetemeko na tsunami kwa viwango vipya. Ripoti ya mwisho ya Fukushima Daiichi ilipangwa Juni 2009. TEPCO ikaisogeza ndani kwa ndani hadi Januari 2016, na mdhibiti hakubana. Hesabu za TEPCO yenyewe za 2008 zilikuwa zimeonyesha wimbi linaweza kufika mita 15.7, na mtambo ulikuwa umeandaliwa kwa wimbi la mita 5.7 hivi. Hesabu hizo zilifika kwa mdhibiti tarehe 7 Machi 2011. Siku nne baadaye, tarehe 11, tsunami ikaja.

18. Hebu rudia tarehe hizo polepole. Ripoti ilitakiwa 2009. Ikapelekwa mbele hadi 2016. Bahari ikaja 2011. Tume huru ya bunge la Japani ilisema Julai 2012 kwamba janga lile lilitengenezwa na binadamu. Zaidi ya watu 150,000 walihama makwao. Kwa hivyo mtu akikuambia ratiba ni jambo la makarani, muulize angependa kuwa anaishi wapi Machi 2011 akingojea ripoti ya 2016.

19. Pingamizi la haki lipo, na tusilikimbie. Mdhibiti asiyejua kupinda anaweza kuleta hatari yake mwenyewe: wahandisi wanashinda wakijaza fomu badala ya kuangalia pampu. Na kuna dharura. Machi 2020, korona ilipokuwa inasambaa, NRC ilikubali kupokea maombi ya kulegeza kikomo cha saa za kazi, kwa sababu wafanyakazi wengi wangeweza kuugua kwa pamoja. Lakini masharti yaliandikwa: si zaidi ya saa 86 kwa siku 7, na ruhusa ilikuwa ya siku 60. Unaweza kubishana kama saa 86 ni nyingi, na mimi naona ni nyingi. Angalau ulijua unabishania nini, na inaisha lini.

20. Afrika nayo ina mfano wake, Koeberg, karibu na Cape Town, unaofanya kazi tangu 1984. Leseni ya miaka 40 ya kinu cha kwanza ilipokaribia kuisha, swali la kuiongeza lilipelekwa kwenye vikao vya umma. Julai 2024 mdhibiti akaongeza miaka 20. Njiani kulikuwa na vita: mwakilishi wa jamii kwenye bodi ya mdhibiti, aliyekuwa anajulikana kwa kupinga nyuklia, aliondolewa 2022, na mahakama ikaja kusema kuondolewa kwake hakukufuata sheria. Muhimu kwetu ni kwamba kiti hicho cha jamii kilikuwapo kwenye sheria. Huwezi kupigania kiti ambacho hakikuwekwa.

21. Sasa nyumbani. Hatuna kinu, lakini tuna historia ndefu ya karatasi zilizochelewa na karatasi zilizofungiwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakaumia. Kesho yake mdhibiti wa kawi, EPRA, alisema alikuwa amekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo mara tatu, Machi, Juni na Julai 2023, sababu moja ikiwa ni wingi wa watu jirani. Fikiria hapo. Hatari ilikuwa imeandikwa, imepigwa muhuri, iko kwenye faili. Aliyekuwa amelala ukuta wa pili ndiye hakuwa nayo.

22. Na Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi 2007 katikati ya makazi, kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kukamilika. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini itangulie. Kwa maneno mengine, kazi ilitangulia na karatasi ikaja nyuma. Kiwanda kilifungwa 2014, risasi ikiwa tayari kwenye damu ya watoto. Julai 2020 mahakama iliamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Ni mtaa wa mabati kama huu wetu. Hapo kuchelewa kwa karatasi kulipimwa hospitalini.

23. Ndiyo maana nasema hili linatuhusu Gatwekera, hata mtambo ukijengwa Kilifi, Siaya ama kwingine. Mtu wa mtaa wetu hana nguvu ya kuzima kinu wala kumkataza mwekezaji. Silaha yake ni moja: kujua mapema. Mwenye pesa akisikia tetesi anahama. Sisi tunangojea ripoti, kwa sababu hatuna gari la kutuhamisha wala ploti ya pili. Kwa hivyo ukichelewesha ripoti kwa miezi sita, hujatuchelewesha sisi wote sawa. Umemchelewesha zaidi asiye na njia nyingine ya kujua.

24. Na si mambo ya miaka ijayo pekee. KNRA tayari inatoa leseni za mashine za eksirei na vyanzo vya mionzi hospitalini na viwandani, kazi iliyokuwa ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi chini ya sheria ya 1982. Tabia ya mdhibiti haianzi siku kinu kinawashwa. Inaanza na mashine ya eksirei ambayo muda wa ukaguzi wake umepita: je, anasogeza tarehe kimya kimya, ama anaandika sababu na kuiweka mahali watu wanaona?

25. Kwa hivyo mjadala ukianza tena, na utaanza, msipoteze muda kwa "mnaunga nyuklia ama mnapinga". Mnaweza kuwa upande wowote na bado mkauliza maswali haya. Aliyeomba msamaha anafaidika na nini? Ni nani mwingine, asiyekuwa yeye, aliyeenda kuangalia? Wakati ripoti haijaja, nini kinashika nafasi yake? Msamaha unaisha tarehe gani? Na umechapishwa wapi? Vinu vinavyotumia kitabu kimoja vina jibu kwa yote matano. Davis-Besse 2001 walikwama kwenye swali la pili. Fukushima hawakuwa na jibu la swali lolote.

26. Sheria za kutusaidia zipo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaitaka serikali ichapishe habari muhimu zinazoathiri taifa. Sheria ya 2013 kuhusu kanuni ndogo inataka umma ushauriwe kanuni zinapotungwa, kisha zipelekwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Hapo ndipo kipengele kimoja kinaweza kuongezwa: kila msamaha wa ratiba ya usalama uchapishwe, na sababu, na tarehe ya mwisho. Sentensi moja tu. Kuiweka leo ni rahisi, kuiweka baada ya mtambo kuwaka ni vita.

27. Na kuna kitu kidogo ambacho watu wengi mtaani hawakijui. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa wa habari anatakiwa amsaidie. Jibu lije ndani ya siku 21, na kama habari yenyewe inagusa uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Ukinyimwa, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale tunaowaita Ombudsman. Kwa hivyo mtu wa Gatwekera anaweza kuchukua karatasi, akaandika kwa Kiswahili chake: "Nataka kujua ni misamaha gani ya ukaguzi mmetoa mwaka huu, kwa nani, na inaisha lini." Jibu likikuja, liweke hapa chini tulisome pamoja. Lisipokuja kwa siku 21, hiyo pia ni ripoti iliyochelewa, na tutaihesabu.